Thelathini na Mbili za Thurman Massart

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo pekee lililobaki zima, kwamba sikuongeza chumvi hata punje. Asiyeniamini amuulize mtu yeyote hapa mjini Cutright. Tangu kiwanda cha vioo kifungwe hatuna kazi nyingine zaidi ya kujibu maswali.

Thurman Massart alikuwa mpuliza kioo. Babu yake alitoka Ubelgiji na bomba la kupulizia begani, na wapo wanaosema alikuwa na mapafu ya namna ambayo upepo ulipokatika katikati ya bahari, nahodha alimwomba asimame nyuma ya meli apulizie kidogo. Mapafu hayo yalirithiwa. Thurman alikuwa anapuliza jagi jembamba kiasi kwamba ukiliweka mezani unalitafuta kwa kupapasa. Ndiyo maana katika kiwanda cha bosi Harkless yeye ndiye aliyekalia benchi la fundi mkuu, na hakuna aliyethubutu kulikalia hata alipokwenda msalani.

Kichwa chake, hata hivyo, kilikuwa kimevimba kwa jambo lingine kabisa. Thurman alikuwa anajivunia hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa moja. Alipokuwa kijana jeshi lilimpeleka Bavaria, na kutoka huko akarudi na vitu viwili: mke aliyeitwa Hannelore, na kanuni ya kugeuza digrii za Wajerumani kuwa digrii zetu. Mara tisa, gawa kwa tano, jumlisha thelathini na mbili. Kanuni hiyo aliitumia mpaka ikachubuka. Redio ikitaja baridi ya Alaska, yeye anageuza. Binti wa duka akisema friji yake imeharibika, yeye anageuza. Kanisani mchungaji akitaja moto wa jehanamu, ungemwona Thurman midomo inacheza, na haikuwa sala.

"Hii hesabu itakuua, kaka," Clovis alikuwa akimtania.

"Ujinga ndio unaoua, mdogo wangu. Hesabu inazika tu."

Clovis alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na kazi yake ilikuwa tanuru la kupoozea. Kioo hakiishi kuumbwa pale kinapotoka kwenye bomba. Lazima kipite polepole kwenye handaki refu la moto unaopungua, mchana na usiku, la sivyo kinajipasua chenyewe kwa hasira. Clovis aliijua hasira hiyo kama unavyojua hasira ya mkeo. Alikuwa hatazami hata vipima joto. Alikuwa anaweka mgongo wa mkono karibu na mlango wa handaki, ananusa, halafu anapunguza gesi kidogo. Miaka yote ile hakuna sahani iliyopasuka mikononi mwake, labda ile aliyotupiwa na mkewe, na hiyo aliidaka.

Basi mwaka mmoja, Februari, ikaja oda. Hoteli moja kubwa ya Cincinnati ilitaka majagi ya maji, kioo cheupe kilichozungushiwa uzi wa kioo cha buluu kuanzia shingoni hadi kitakoni. Bosi Harkless alitukusanya wote chini ya bomba kuu la gesi akatuhutubia. Alikuwa mtu mwembamba, suruali yake imeshikiliwa na kiburi tu.

"Wakiyapenda, wataagiza kila mwaka," alisema. "Yakiharibika, nitataka jina la mtu. Jina moja. Na huyo mtu hatashika kioo tena katika bonde hili lote, nitahakikisha mwenyewe, viwanda vyote nawapigia simu. Mmenielewa?"

Tulimwelewa. Hakuwa mtu wa kutishia bure. Aliwahi kumfukuza binamu yake siku ya Krismasi, tena baada ya kula.

Kioo cha buluu tulichozoea kilikuwa kinatoka Pennsylvania, lakini wale jamaa walikuwa wameshafunga. Ikabidi kuagiza Ujerumani. Katalogi ilipofika ilikuwa ya Kijerumani tupu, na bosi akamkabidhi Thurman kwa sababu mkewe alikuwa wa huko. Jioni Hannelore akamsomea mezani, kidole kwenye mstari, huku viazi vinachemka.

Kitu walichokitafuta kilikuwa namba ya kutanuka. Kila kioo kikipata joto kinarefuka, kikipoa kinanywea, na namba hiyo inasema kinarefuka kiasi gani kwa kila digrii moja inayoongezeka. Ukibandika kioo juu ya kioo, namba zao lazima zilingane. Zisipolingana, vikipoa mmoja anavuta huku mwingine anavuta kule, kama mke na mume waliolala na blanketi moja fupi, mpaka kitu kinachanika. Namba yenyewe ni ndogo mno, ina msururu wa masifuri mbele yake, na sisi mafundi msururu huo tulikuwa tunautupa. Kioo chetu cheupe tulikuwa tunasema tu: ni hamsini na tatu. Hamsini na tatu, kwa digrii zetu, za Farenhaiti.

"Hapa kuna buluu mbili," Hannelore alisema. "Hii ni tisa nukta sita. Hii nyingine kumi na moja nukta saba. Kwa Selsiasi."

Thurman akatabasamu kama paka aliyeona mlango wa jikoni wazi. Akachukua kalamu. Tisa nukta sita, mara tisa, gawa kwa tano, jumlisha thelathini na mbili: arobaini na tisa na kitu. Hailingani. Kumi na moja nukta saba, mara tisa, gawa kwa tano, jumlisha thelathini na mbili.

Hamsini na tatu.

Si karibu na hamsini na tatu. Hamsini na tatu yenyewe, na kijichembe kisichofaa hata kuchokonoa jino.

"Lore! Njoo uone! Imekaa kama kofia kichwani!"

"Viazi vinaungua," Hannelore alisema, akaondoka.

Mimi hesabu yangu ni ya vidole, lakini namwelewa. Ungefanya wewe, ukapata namba ileile unayoitafuta, ungetilia shaka? Maskini ile namba ilikuwa imevaa nguo za digrii na ikapita mlangoni bila kuulizwa. Thurman akaagiza kumi na moja nukta saba, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa tanuru: 53 = 53. Akapigia mstari chini. Kila aliyepita akaoneshwa.

Vijiti vya buluu vikafika mwezi wa tatu. Kabla ya jagi la kwanza, Clovis akafanya jambo ambalo baba yao alikuwa akilifanya siku zote. Akachukua tonge la kioo cheupe na tonge la buluu, akayabana pamoja motoni, akayavuta yakawa uzi mmoja mrefu, upande mweupe, upande buluu. Ukipoa na kunyooka, vioo vimepatana. Ukipinda, vinagombana.

Uzi ulipinda. Ulipinda kama ndoano ya samaki. Clovis akauleta benchini, ameubeba kwa vidole viwili.

"Kaka, tazama."

Thurman akautazama.

"Umeuvuta vibaya."

"Nimevuta mara mbili."

"Basi umeuvuta vibaya mara mbili. Clovis, unaona ule mlango pale? Soma."

"Nimesoma. Na uzi je? Uzi haujasoma?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo ilipoharibika. Laiti tusingecheka, labda Thurman angeushika uzi ule akaugeuza kwenye mwanga. Lakini kucheka kule kulimchoma. Akauchukua, akauvunja vipande kwa vidole vyake vinene, akavitupa kwenye pipa la vigae.

"Mimi ndiye niliyekaa kwenye hili benchi," alisema. "Wewe chunga handaki lako. Kila mtu moto wake."

Clovis akafuta mikono kwenye aproni. "Wewe ndiye mkubwa," akasema, akaenda zake. Hakununa. Hicho ndicho kilichokuwa kinaudhi kwa Clovis, alikuwa hajui kununa.

Majagi yakatoka, mazuri kupita kiasi. Yalipita kwenye handaki, yakatoka upande wa pili mazima, yanang'aa. Uzi ulikuwa mwembamba, kwa hiyo ugomvi wake ulikuwa mdogo na wa kimyakimya, ugomvi wa watu walio mbele ya wageni. Yakafungwa kwenye majani makavu na kupelekwa Cincinnati. Bosi Harkless kwa furaha aliyabakiza kadhaa, akayatoa kwa ajili ya mlo wa vitunguu pori.

Mlo huo hufanyika kila Aprili kwenye jumba la zimamoto. Vitunguu vyenyewe huchimbwa milimani theluji ikiyeyuka tu, vinakaangwa na viazi na nyama ya nguruwe, na harufu yake ukishakula haikutoki kwa siku kadhaa. Shuleni watoto hurudishwa nyumbani, na nilishawahi kuona nyuki akiingia mdomoni mwa mjomba wangu na kutoka akiwa amelewa. Mji wote ulikuwepo. Majagi yalipangwa kwenye meza ndefu, yamejaa maji ya limau na barafu, na watu walikuwa wanamsifu Thurman waziwazi. Alikuwa amevaa tai.

Jagi la kwanza lilifanya *tik*.

Sauti ndogo tu. Mama mmoja akafikiri ni kijiko. Kisha ufa ukatembea polepole kuufuata ule uzi wa buluu, ukizunguka na kuzunguka, na limau likaanza kulowesha kitambaa. Halafu la pili. Halafu la meza ya mchungaji. Halafu *tik, tik, tik* mstari mzima, arobaini kwa mkupuo kama fataki za mwaka mpya, na nusu yake yalikuwa hayajaguswa hata na mkono. Limau likafika kwenye viatu. Ilisikika barafu tu inaanguka sakafuni.

Thurman alikaa na uma mkononi. Baadaye alisema kwamba wakati ule hakuona majagi, aliona uso wa Clovis upande wa pili wa meza, na uso ule haukuwa wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa unamwonea huruma. Thurman hakuweza kuuvumilia.

Jumatatu simu ya Cincinnati ilikuwa imeshafika: na kwao yamepasuka. Bosi Harkless akawaita ndugu wawili mbele yetu sote, pale pale chini ya bomba la gesi.

"Kioo kinapasuka kwa sababu mbili," alisema. "Ama vioo havilingani, ama kimepoozwa vibaya. Thurman, vinalingana?"

"Vinalingana, bosi." Akanyoosha kidole kwenye mlango. "Hamsini na tatu kwa hamsini na tatu. Mwenye macho asome."

Na niseme haki: siku hiyo alikuwa anaamini alichokisema. Aliamini kwa moyo wote.

"Basi ni handaki," bosi alisema.

"Kaka," Clovis aliita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Waambie kuhusu uzi. Uliuona umepinda."

Thurman alitazama buti zake.

"Uzi uliuvuta wewe," alisema. "Kwa mkono wako."

Jina likawa limepatikana. Clovis alivua aproni yake akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya ngazi ya handaki. Alipompita kaka yake alisimama kidogo, tukadhani atapiga ngumi. Mimi nilishajisogeza nipate nafasi nzuri ya kutazama. Akasema tu, "Handaki usilipunguze gesi kwa haraka leo, nje kuna baridi," akatoka.

Bosi akapiga simu zake. Bonde lote, kuanzia Fairmont hadi mtoni, Clovis Massart akawa mtu aliyepasua oda ya Cincinnati. Alibisha milango ya viwanda mpaka vifundo vya vidole vikaota sugu. Mwishowe akavuka mto, akaenda Marietta, Ohio, akapata kazi ya kuosha magari kwa muuza magari ya mitumba. Mikono iliyokuwa inasikia joto kwa umbali wa futi tatu ikawa inakamua sponji.

Sasa njoo Mei. Hannelore alishikwa na homa. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kanisa, na alikuwa amelala kwenye kochi na kipima joto chake mwenyewe, kile alichotoka nacho kwao na alichokataa kukibadilisha.

"Tangu asubuhi imepanda digrii mbili," alisema.

"Mbili zako," Thurman alijibu kutoka jikoni, anafungua kopo la supu, midomo inacheza yenyewe, "mara tisa, gawa kwa tano, jumlisha thelathini na mbili... thelathini na tano na nusu na ushei. Pole sana, mke wangu."

Hannelore alicheka mpaka akakohoa.

"Digrii thelathini na tano! Ningekuwa mkaa, Thurman. Ungenizoa kwa beleshi."

"Kanuni ndiyo inasema."

"Kanuni ni ya kusoma kipima joto, si ya kupanda. Thelathini na mbili ni pale tu ninyi mnapoanzia kuhesabu. Mbili zangu ni tatu na nusu zenu, basi. Homa ikipanda, imepanda; haijali mmeanzia wapi." Akapangusa macho. "Thurman? Supu inamwagika."

Ilikuwa inamwagika kweli, juu ya viatu vyake vya kanisani, na yeye hakuwa anahisi.

Namba ya kutanuka ni ya kupanda. Kwa kila digrii moja inayoongezeka. Haina pa kuanzia. Hakuna thelathini na mbili pale. Haikuwahi kuwepo.

Aliketi kwenye kiti cha jikoni akaifanya hesabu upya pembeni mwa gazeti. Digrii ya Wajerumani ni kubwa kuliko yetu, kwa hiyo namba yao unaipunguza tu: mara tano, gawa kwa tisa, na unaishia hapo. Kumi na moja nukta saba ikawa sita na nusu. Kwa lugha ya kiwandani, ambako nukta tulikuwa hatuiandiki, sitini na tano. Sitini na tano juu ya hamsini na tatu! Hata shetani asingebandika vioo hivyo. Halafu akaifanya ile nyingine, ile tisa nukta sita aliyoikataa. Ikatoka tano nukta tatu.

Hamsini na tatu ilikuwa pale tangu mwanzo, mstari wa juu yake, kidole cha mkewe kikiwa kimeigusa.

Hannelore akamwona uso. Akasimama na homa yake, akaja akasoma gazeti juu ya bega lake. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko ndugu wale wawili.

"Clovis," alisema.

"Usiseme kitu."

"Thurman, uende kesho. Kwanza kwa Harkless, halafu Marietta."

"Nikienda kwa Harkless, atataka jina. Jina langu, Lore. Nina miaka hamsini na mbili. Nitaosha magari mimi?"

"Anaosha ndugu yako."

Thurman aliinuka. Alikata ile pembe ya gazeti kwa kisu cha mkate, akaiwasha kwenye jiko la gesi. Kesho yake kiwandani alifuta ile chaki mlangoni kwa kitambaa chenye maji, akisema inaleta mkosi. Lakini chuma kilikuwa kimeshaungua pembeni mwa maandishi, na kivuli cha 53 = 53 kikabaki pale mpaka siku kiwanda kilipovunjwa. Alikaa kwenye lile benchi miaka tisa mingine akikitazama. Hakupuliza tena kitu chembamba. Majagi yake yakawa mazito, ungeweza kumpiga mtu nayo. Hesabu aliacha kabisa. Redio ikitaja baridi ya Alaska, alikuwa anaizima.

Na nyumbani, Hannelore alikuwa anampikia, anamfulia, anamlaza, na hamsemeshi zaidi ya inavyohitajika.

Sasa hapa ndipo hadithi inapopendeza. Ijumaa iliyopita nilikuwa naisimulia kwenye mgahawa wa Opal, meza nzima inanisikiliza, wazee wenzangu wameacha hata mikate yao ya soseji. Nikawaambia jinsi Thurman, baada ya kiwanda kufungwa, alivyoamka asubuhi moja akapiga moyo konde. Akawasha gari, akavuka daraja, akafika Marietta kwa muuza magari. Clovis alikuwa na ndoo mkononi. Thurman akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, suruali ya kanisani na yote, akasema, "Mdogo wangu, uzi ulikuwa umepinda." Na Clovis akamwaga ile ndoo yote kichwani mwa kaka yake, wakacheka, wakalia, wakakumbatiana wakiwa wamelowa, na Thurman akampigia Harkless simu kutoka kwenye simu ya kulipia, akamtajia jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Jim Tolliver, mmoja wa wazee hao, akatoa leso. Nilijisikia vizuri sana.

"Mwongo wewe, Dorsey."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha nyuma yangu, kile chenye mgongo mrefu. Sikuwa nimeangalia. Hannelore Massart alikuwa amekaa pale na kahawa yake, koti limefungwa vifungo vyote, ana miaka themanini na kitu na masikio ya sungura.

"Bi Lore! Sikujua kama..."

"Najua hukujua. Endelea. Wakakumbatiana, halafu?"

"Halafu... kwa jumla ndiyo hivyo."

"Majagi yaliyopasuka pale zimamoto yalikuwa mangapi?"

"Arobaini," nikasema. "Karibu arobaini."

"Manne, Dorsey. Harkless asingetoa arobaini hata kwa mazishi ya mama yake. Manne. Na yalitosha." Akageuka kwenye meza yetu. Alikuwa haongei kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. "Mengine amesema kweli. Homa, supu, gazeti, nilimwambia mimi mwenyewe siku ya matanga ya mume wangu, na sikumwambia ili aje ayauze hapa. Lakini Marietta hakufika mtu. Thurman alitoka mara tatu. Anavaa, anachukua funguo, anaendesha hadi kwenye daraja. Anasimama pale anatazama Ohio. Anarudi. Mara ya tatu niliketi kando yake, nikamwambia vuka, ni mto tu huu. Akasema, 'Nikivuka nitamwambia nini, Lore? Atanisamehe, na mimi siwezi.'"

Opal alikuwa amesimama na birika la kahawa, halimimini.

"Clovis alitangulia kufa, Novemba moja," Hannelore alisema. "Kwenye maziko Thurman alikaa ndani ya gari, nje ya uzio, injini inanguruma. Mke wa Clovis alikuja dirishani, akamgongea. Unajua alimwambia nini? 'Asante kwa kuja, shemeji. Alikuwa anasema bosi ndiye aliyelitaja handaki, si wewe; wewe ndiye pekee usiyemlaumu kwa yale majagi.' Hadi anakufa, Dorsey, Clovis aliamini pengine kweli lilikuwa handaki. Alikuwa ameanza kuamini kwamba alilipunguza gesi haraka. Na huyu wangu akashusha kioo cha dirisha, akasema, 'Alikuwa fundi mzuri.' Akapandisha kioo. Tukarudi nyumbani."

Jim Tolliver akairudisha leso mfukoni.

Nilijaribu. Nilimwambia nilitaka tu watu waondoke na kitu cha kuwapa moyo, mambo yenyewe yana uchungu mno, na waliohusika wameshakufa wote, na kidogo tu cha chumvi...

"Mimi sijafa," alisema. "Lipia."

"Lipia nini, Bi Lore?"

"Meza hii yote. Kahawa na pai. Umewalisha uongo, sasa walishe kitu. Na ukimaliza, utawaambia tena kuanzia kwenye daraja, kama nilivyosema mimi, na mimi nitakaa hapa nisikilize."

Wale wazee, waliokuwa wanaomboleza sekunde moja kabla, wakaanza kuagiza kwa sauti kubwa. Jim alitaka pai ya cheri na ya tofaa. Opal akaleta na ya nazi ambayo hakuna aliyeiomba. Nikatoa pochi, nikaiweka mezani, nikaanza upya: anavaa, anachukua funguo, anaendesha hadi kwenye daraja. Nilipofika pale anaposimama, nikaanza kutafuta neno zuri.

"Anarudi," Hannelore alisema nyuma yangu. "Sema."

"Anarudi," nikasema.